Ubaguzi wa rangi wa kimfumo

Ubaguzi wa rangi wa kimfumo ni ule unaotendwa na sheria, taratibu na mazoea ya taasisi, hata pale ambapo hakuna ofisa anayeonyesha chuki. Mwaka 1967, Stokely Carmichael (baadaye Kwame Ture) na Charles V. Hamilton waliutofautisha na ubaguzi wa mtu binafsi katika kitabu chao Black Power.

Mfano ulio wazi ni mikopo ya nyumba nchini Marekani. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali lililoitwa HOLC lilichora ramani za miji kama Chicago na Detroit. Mitaa ya watu weusi, karibu yote, ilipakwa rangi nyekundu, alama ya hatari kwa mkopeshaji. Mamlaka ya shirikisho ya nyumba, iliyoanzishwa 1934, nayo ilikataa kudhamini mikopo katika mitaa ya aina hiyo. Mfanyakazi mwenye mshahara wa kutosha alinyimwa mkopo kwa sababu ya rangi yake na anakoishi. Sheria ya 1968 iliharamisha jambo hilo, lakini haikuwafidia walionyimwa, na huko nyumba ndiyo mali kuu ambayo familia ya kawaida huwarithisha watoto.

Je, tatizo si umaskini tu? Mwaka 1978 mwanasosiolojia William Julius Wilson alidai kwamba tabaka sasa linaamua maisha ya Mmarekani mweusi kuliko rangi. Hoja hiyo ni nzito: kwa idadi, maskini weupe ni wengi kuliko weusi. Hata hivyo haitoshi, kwani familia nyeusi zenye kipato sawa na nyeupe kwa kawaida zina mali kidogo zaidi.