Mgeni Katika Shamba la Mizabibu

Katika Ufaransa, msafiri mwenye gari-nyumba, yaani motokaa iliyo na kitanda, jiko, tangi la maji na choo ndani yake, huweza kuingia jioni katika shamba la mizabibu la watu asiowajua, akaonyeshwa mahali pa kusimama kando ya ghala, akalala, na asubuhi akaondoka bila ya kutozwa hata senti moja. Desturi hii ilitiwa katika kanuni mwaka 1993, ulipoanzishwa mpango uitwao France Passion. Wengi huidhani kuwa ni anasa ya watu wenye nafasi. Waama, asili yake ni dhiki, na dhiki hiyo si ya msafiri bali ya mkulima.

Dhiki ilianza na mdudu. Katika miaka ya 1860 filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari aliyeletwa na miche ya Marekani, aliingia katika mizizi ya mizabibu ya kusini mwa Ufaransa akaifyonza hata ikafa. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, alimtambua yeye pamoja na wenzake. Dawa iliyofaa ilitoka kule kule ulikotoka ugonjwa: kikonyo cha mzabibu wa Ufaransa kilibandikwa juu ya shina la Marekani, ambalo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Mashamba yakapandwa upya, nayo yakazaa kupita haja. Divai (neno ambalo Waswahili wamelipata kwa Wafaransa wenyewe) ikafurika sokoni, na pamoja nayo divai ya uongo ya maji na sukari, bei ikaanguka. Tarehe 9 Juni 1907 watu waliokadiriwa kupita 500,000 walikusanyika Montpellier kudai haki yao. Siku chache baadaye askari walipiga risasi katika mji wa Narbonne, na raia wakafa. Kabla mwezi haujaisha ikatungwa sheria ya kuzuia divai ya udanganyifu.

Sheria ile haikufika penye donda. Mkulima mdogo aliendelea kumwuzia mfanyabiashara wa jumla, na mnunuzi ndiye aliyetaja bei. Baadhi ya wakulima waliingia katika ushirika, kama wale wa Maraussan mwaka 1901. Wengine walibaki peke yao, baba na mama na watoto, na shinikizo lao na mapipa yao. Hawa walikuwa na njia moja tu ya kutaja bei kwa vinywa vyao wenyewe, nayo ni kumleta mnywaji mpaka mlangoni. Alsace ilifungua barabara yake ya divai mwaka 1953, ipitayo kijiji kwa kijiji, ili mnywaji aione njia.

Mnywaji naye alikuwa amekwisha kujifunza kutembea. Mwaka 1885 Gordon Stables, daktari Mskoti aliyestaafu katika jeshi la maji la Uingereza, alisafiri kwa starehe katika nyumba ya magurudumu iliyovutwa na farasi wawili, akiomba ruhusa ya kulala katika viwanja vya watu. Katika Ufaransa sheria ya mwaka 1936 iliwapa wafanya kazi likizo yenye malipo ya majuma mawili. Baada ya vita, tangu mwaka 1951, Wajerumani walitengeneza gari la Volkswagen lenye vitanda ndani. Magari ya namna hiyo yalipozidi, miji mingi ya pwani iliyakataza kulala barabarani. Msafiri akawa na nyumba lakini hana kiwanja. Mkulima ana kiwanja lakini hana mnunuzi.

Hapo ndipo kanuni za mwaka 1993 zinapoonyesha busara. Mgeni hununua kitabu cha mwaka chenye orodha ya wenyeji, na kibandiko cha kutia kiooni. Afikapo hujitambulisha kwa mwenyeji, hutumia maji yake mwenyewe na choo chake mwenyewe, na muda wake ni saa 24. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wafaransa hawakungoja hata hiyo ya pili. Tena halazimiki kununua chupa hata moja. Kanuni hii ya mwisho ndiyo nguzo ya yote. Kama ununuzi ungelazimishwa, kiwanja kingekuwa kimekodishwa, na ukarimu ungekuwa jina tu. Kwa kuwa haulazimishwi, mgeni huonja, huuliza habari za udongo na mwaka wa mavuno, na mara nyingi hununua kwa hiari. Ni biashara, hapana shaka, lakini ni biashara iliyokubali kumngoja mteja.

Mzigo wake si mwepesi. Mwezi wa Septemba, jamaa wanapochuma tangu alfajiri, mgeni hubisha hodi jioni wakati mikono ya mwenyeji ingali imejaa maji ya zabibu, naye hana budi kunawa na kumlaki.

Marekani iliuiga mfano huu mwaka 2009 kwa mpango wa Harvest Hosts, ambao huwaomba wageni wanunue kitu. Tofauti ndogo kwa maneno, kubwa kwa maana. Leo wenyeji wa mpango wa Ufaransa, wakulima wa mizabibu na wa mazao mengine, wamepita 2,000. Hata hivyo Mfaransa wa leo hanywi nusu ya divai aliyokunywa babu yake mnamo mwaka 1960, na mwaka 2023 serikali ilikubali kugharimia kung'olewa kwa mizabibu katika sehemu za Bordeaux.