Asili ya Kipimajoto Kisichogusa

Kupima joto la kitu pasipo kukigusa ni elimu iliyoanzishwa na mtu aliyekuwa akitafuta jambo jingine. William Herschel, mzaliwa wa Hanover aliyehamia Uingereza akiwa mpiga muziki, alikuwa amekwisha pata sifa kwa kuigundua sayari ya Uranus mwaka wa 1781. Mwaka wa 1800, akikaa Slough, karibu na London, alitaka kulitazama jua kwa darubini bila ya kuumiza macho. Akajaribu vioo vya rangi mbalimbali, akaona ajabu: kioo kimoja kilipitisha mwanga haba, lakini joto lilisikika, kingine kilipitisha mwanga mwingi, na joto halikusikika sana.

Mtu mwingine angalichagua kioo kilichomfaa akaendelea na jua lake. Herschel aliuliza kama kila rangi ina joto lake. Aliupasua mwanga kwa kioo cha pembe tatu, rangi zikatandaa mezani mfano wa upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto chenye kichwa kilichotiwa weusi katika rangi moja baada ya nyingine, na vipimajoto viwili kando, nje ya mwanga, viwe mashahidi. Zebaki ilipanda digrii 2 za Fahrenheit penye urujuani, 3 na robo penye kijani, na karibu 7 penye nyekundu. Kisha akakisogeza kipimajoto ng'ambo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Zebaki ikapanda zaidi.

Miale hiyo isiyoonekana ndiyo iitwayo leo miale ya infraredi. Si wote walioipokea. John Leslie wa Uskoti aliipinga. Walakini ni mpinzani huyo huyo aliyefundisha jambo ambalo mtumiaji wa kipimajoto cha leo hana budi kulijua. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1804 alieleza habari za sanduku la bati lililojazwa maji ya moto, upande mmoja uking'aa na mwingine umepakwa masizi. Maji yalikuwa yale yale, na joto lile lile. Lakini upande wa masizi ulitoa miale mingi kupita ule uliong'aa. Basi miale haisemi habari za joto peke yake. Husema pia habari za ngozi ya kitu.

Mwaka wa 1879 Josef Stefan, huko Vienna, alionyesha kuwa joto likihesabiwa tangu sifuri halisi, likiwa maradufu, nguvu ya miale huwa mara 16. Kwa kanuni hiyo alikadiria joto la uso wa jua kuwa kama digrii 5,400 za Selsiasi, si mbali na 5,500 zinazokubaliwa sasa. Kitu kisichofikiwa na mkono wa mtu kilikuwa kimepimwa. Kifaa kidogo cha leo kinafuata njia hiyo: lenzi hukusanya miale, kipokeaji hupata joto na kutoa umeme mdogo, na hesabu hufanywa mara moja.

Wasafiri wengi walikutana nacho wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi mwaka wa 2014, na karibu dunia nzima mwaka wa 2020, wakati wa korona. Ndipo uvumi ulipoenea kuwa kifaa hupiga miale ndani ya ubongo. Uvumi huo uligeuza mambo juu chini, maana kifaa hupokea tu miale inayotoka mwilini. Nukta nyekundu katika baadhi ya vifaa ni ya kulengea.

Hatari ya kweli ilikuwa kukiamini kupita kiasi. Ngozi ya mtu, iwe nyeusi au nyeupe, hutoa miale vizuri kama masizi ya Leslie. Lakini paji la uso si ndani ya mwili. Aliyetembea juani huonekana ana homa. Mwenye homa aliyelowa jasho huonekana mzima. Na mwenye korona asiye na homa hupita mlangoni salama. Sufuria ya alumini iliyosuguliwa ikang'aa, hata ikiwa imetoka motoni sasa hivi, kifaa huweza kuisoma kuwa ni baridi. Kwa hiyo, penye uangalifu, aliyeonekana ana joto aliketishwa kivulini apumzike, kisha akapimwa tena kwa kipimajoto cha kugusa mwili.