Sifa za Babu

Kabla sijajua ini lina kazi gani, nilijua harufu yake. Mtoto wa Shela, Malindi, hawezi kuikosea. Babu alikuwa akitia maini ya papa kwenye pipa, anayaacha juani siku kadhaa mpaka yatoe mafuta, kisha anayapaka kwenye mbao za mashua. Mafuta hayo ndiyo tunayoita sifa. Chini ya chombo, panapozama, hupakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Juu, panapopigwa na jua, ni sifa. Harufu yake, wallahi, humfuata mtu hadi kitandani.

Ufundi huu si wa jana. Marco Polo, aliyepita Hormuz katika karne ya 13, alieleza kwamba vyombo vya huko vilishonwa kwa kamba za makumbi na kupakwa mafuta ya samaki. Bahari ni ile ile, na kaskazi ndiyo ile ile iliyoleta majahazi kwetu.

Sasa ruka hadi 1919. Uingereza, Edward Mellanby aligundua kwamba mafuta ya ini la samaki yanawakinga watoto wa mbwa na matege. Mwaka huo huo kule Berlin, Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa yenye miale kama ya jua. Miaka michache baadaye, Elmer McCollum na wenzake huko Marekani wakakipa kitu hicho jina: vitamini D. Kumbe kitu kimoja, milango miwili, ini la samaki na jua. Na Babu alishinda kwenye milango yote miwili: jua mgongoni, ini mikononi.

Ndiyo maana nilibisha daktari aliposema vitamini D ya Babu iko chini sana. Kwani mvuvi wa Malindi anakosaje jua?

Wakati huo alikuwa ameugua miaka miwili. Tumbo limejaa maji, macho manjano, na aliteleza kidogo tu msikitini, mkono ukavunjika. Mtaani walishahukumu zamani: mzee anakunywa mnazi kisirisiri. Babu, ambaye hakuwahi hata kuuonja! Mimi nilikuwa nimeacha chuo, karo imegoma, kwa hivyo nikawa ndiye wa kumpeleka kliniki.

Daktari alinieleza polepole. Jua hutengeneza vitamini D kwenye ngozi, lakini inatoka ikiwa haijakamilika. Ini huibadilisha kwanza, kisha figo zinamalizia. Ini likijaa makovu, kazi hiyo inalegea, na hata protini inayoibeba vitamini hiyo kwenye damu inapungua. Halafu mgonjwa hatoki nje tena. Makovu ya Babu yaliletwa na homa ya ini aina ya B. Mnazi haukuhusika.

Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Kinga ya mwili inavishambulia ndani ya ini, ini linavimba, na uvimbe huo usiopoa ndio unaoacha makovu. Vitamini D inasaidia kuituliza kinga, kwa hivyo wanasayansi wanauliza kama upungufu wake unauchochea uvimbe. Lakini uvimbe wenyewe pia unaweza kuishusha vitamini kwenye damu. Kuku na yai, bana. Inajulikana kwamba mifupa inaihitaji. Kwamba vidonge vyake vinatibu ini, majaribio hayajathibitisha. Anayekuuzia mtandaoni kama dawa ya ini, mpite.

Na si wagonjwa wa ini pekee. Reagan Mogire, mtafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi, taasisi iliyopo tangu 1989, pamoja na wenzake walikusanya tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika. Matokeo yalitoka 2020: karibu mtu mmoja kati ya watatu alikuwa na kiwango kilicho chini ya nanomoli 50 kwa lita. Hapa hapa, barani la jua.

Virusi vya B viligunduliwa na Baruch Blumberg na wenzake miaka ya 1960, na chanjo ikafuata. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga 2001. Babu hakuipata. Mama na ndugu zake hawakuipata. Mimi nilizaliwa 1999, nami sikuipata. Virusi hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa hivyo tukapima nyumba nzima. Mimi niko salama, nimechanjwa sasa. Mjomba alikutwa navyo. Yuko kwenye dawa za kuvituliza, kabla ini halijaharibika.

Babu alifariki kabla kaskazi haijaanza. Siku ya hitima nilisema mbele ya watu wazima, sauti ikitetemeka: ilikuwa homa ya ini B, si mnazi. Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja aliniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, pa kupimia ni wapi.

Mashua ipo bado. Mjomba ndiye anayeipaka sifa siku hizi. Asubuhi za kliniki ananawa mikono mara tatu kwa sabuni, na harufu haitoki.