Kuwarudisha Wachimbaji Kutoka Jeshini: Uingereza, 1940–1945

Katika insha hii ninajadili kwa nini Uingereza, katikati ya Vita Kuu ya Pili, iliwatoa jeshini baadhi ya askari waliowahi kuchimba makaa ya mawe na kuwarudisha migodini. Jibu la haraka ni kwamba jeshi lilikuwa limechukua watu wengi mno. Naona jibu hilo ni nusu tu ya ukweli.

Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, Uingereza ilipoteza soko kubwa la makaa yake. Wachimbaji wengi wa Wales Kusini na Durham wakakosa kazi, wakaingia jeshini au katika viwanda vya silaha vyenye mishahara bora. Muda si mrefu makaa yakaadimika. Uzalishaji ulishuka kutoka zaidi ya tani milioni 230 mwaka 1939 hadi takriban milioni 206 mwaka 1941.

Waziri wa Kazi, Ernest Bevin, aliwaomba wachimbaji wa zamani warudi, lakini waliojitokeza hawakutosha. Jeshi liliachia baadhi tu, kwa sababu nalo lilihitaji watu. Desemba 1943 ikaanzishwa kura: kijana aliyeitwa jeshini, ikiwa namba yake ya usajili iliishia na tarakimu iliyotolewa, alipelekwa mgodini.

Kwa nini wito haukutosha? Wachimbaji walikumbuka ukosefu wa kazi wa miaka ya 1930, tena kazi yenyewe ilikuwa ya hatari na malipo duni. Juni 1942 serikali ilikubali kima cha chini cha shilingi 83 kwa wiki kwa mtu mzima anayefanya kazi chini ya ardhi. Januari 1944 kikapanda hadi pauni 5, na bado migomo mikubwa ilitokea miezi michache baadaye.

Wakati huohuo, Tanganyika, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Tofauti ni kwamba mchimbaji wa Uingereza alikuwa na chama cha kumtetea. Manamba wa mkonge hakuwa nacho.

Kwa kuhitimisha, amri ya serikali iliweza kumvua mtu sare za jeshi, lakini haikuweza kumfanya aipende kazi iliyokuwa imemtupa. Uhaba wa wachimbaji ulianza kabla ya vita, siku ile walipohesabiwa kuwa watu wa ziada.