Mwalimu au Mtumishi: Istiari za Kompyuta katika Kufundisha Lugha

Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilipoanzisha mfumo wa PLATO mwaka 1960, kompyuta ilipewa nafasi ya mwalimu. Iliuliza, ikangoja jibu, ikahukumu, kisha ikaamua kama mwanafunzi aendelee au arudie. Mazoea yakaifanya istiari hiyo ionekane kuwa ndiyo kazi yenyewe ya mashine.

Mwaka 1983 Mwingereza John Higgins aliipambanisha na istiari nyingine. Magister wa Kirumi, alisema, ndiye mwenye darasa: hupanga somo na hukosoa. Paidagogos wa Kiyunani alikuwa mtumwa aliyefuatana na mtoto wa bwana wake kwenda shuleni. Hujibu akiulizwa, akifukuzwa huondoka. Higgins alitaka kompyuta iwe huyu wa pili. Katika programu yake, Storyboard, kifungu kizima cha habari hufichwa, kila herufi ikabakia alama tu. Mwanafunzi hukisia neno lolote alitakalo, na kompyuta hulifunua kila mahali lilipo.

Mvutano huo haujaisha. Masomo ya Duolingo yalipangwa kama mti, na mwanafunzi aliweza kuchagua kati ya matawi kadhaa. Mwaka 2022 mti uliondolewa, ikawekwa njia moja. Kwa maoni yangu, magister alirudi.

Sasa paidagogos tumwiteje kwa Kiswahili? Kuiita kompyuta "mtumwa" katika nchi za mwambao, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Tanganyika ikangoja sheria ya kukomesha utumwa hadi mwaka 1922, ni kuamsha kumbukumbu isiyohusika na somo. "Mlezi" lavutia, ila mlezi ana mamlaka juu ya mtoto, na hapo twarudi kwa magister. Mimi napendelea "mtumishi". Latokana na "tuma", kama "mtumwa", wala halimwaibishi mtu. Wasomaji wetu wengi ni watumishi wa umma.

Jina pekee, hata hivyo, halitoshi. Mfasiri aliyekubali "mtumishi", kisha akaandika kwenye kioo cha kompyuta "Umekosea, jibu tena", amemrudisha mwalimu kwa mlango wa nyuma. Mtumishi husema: "Neno hilo halimo."