Kiongozi akikimbia maulizo: Katiba inatupa njia gani?

Wasikilizaji wengi wanatuuliza: kama kiongozi anakataa kujibu mwandishi wa habari, raia anabakia na nini? Na kile kifungu cha 64 (watu wanasema «artikle 64») chenye kinatajwa kila mara mu maandamano, kinasema nini kabisa? Tueleze pole pole.

Namna wanakimbia ulizo

Njia ziko nyingi, lakini ukisikiliza redio muzuri utazitambua. Kuna mwenye kujibu ulizo lingine: unamuuliza feza ya barabara ilienda wapi, yeye anaeleza vile anapenda wakaaji. Kuna mwenye kutupa mpira: «Muulize Kinshasa.» Kuna mwenye kusema uchunguzi unaendelea, bila kutoa tarehe. Na kuna mwenye kusema ni siri ya usalama. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kwetu huku mashariki, juu mwenye kuuliza anaweza kuitwa rafiki ya adui.

Mwandishi hana nguvu ya kulazimisha mtu ajibu. Kazi yake ni kurudilia ulizo, kisha kutangaza wazi kama halikujibiwa. Kifungu cha 24 cha Katiba ya tarehe 18/2/2006 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Lakini ulizo la mikro likikosa jibu, raia bado ana njia zake.

Barua yenye inapashwa kujibiwa

Njia yenye watu wengi hawajui iko mu kifungu cha 27. Mukongomani yeyote, yeye peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia mamlaka petisyo, na mamlaka inapashwa kujibu mu miezi mitatu. Tena hakuna mtu anaweza kushitakiwa juu ya kuandika hiyo barua. Kwa hiyo andikeni ulizo moja lenye kueleweka, mutie sahihi, mupeleke ku ofisi, na mubakie na kopi yenye muhuri na tarehe. Miezi mitatu ikipita bila jibu, kile kimya kiko sasa na ushahidi, na redio inaweza kukitangaza.

Njia ya pili ni mbunge. Kifungu cha 138 kinamuruhusu kuuliza serikali kwa mdomo ao kwa maandishi, kuita waziri ajieleze, na kuomba tume ya uchunguzi. Ku jimbo, kazi hiyo ni ya bunge la jimbo (kifungu cha 197). Lakini mu Kivu ya Kaskazini na Ituri, utawala wa kijeshi wenye ulianza tarehe 6/5/2021 ulisimamisha mabunge ya majimbo. Ndiyo maana huko ulizo linapashwa kufika kwa mbunge wa taifa.

Njia ya tatu ni maandamano ya amani, kifungu cha 26. Waandalizi wanapashwa kujulisha mamlaka kwa maandishi. Angalia neno: kujulisha, si kuomba ruhusa.

Artikle 64 inasema nini?

Inasema ni wajibu wa kila Mukongomani kuzuia mtu ao kundi lenye kuchukua mamlaka kwa nguvu, ao lenye kuyatumia kinyume cha Katiba. Inaongeza kama kujaribu kupindua utawala wa Katiba ni kosa lenye halizeeki: hata miaka ipite, mtu anaweza kuhukumiwa. Na kifungu cha 190 kinakataza kuunda kundi la silaha. Kwa hiyo artikle 64 haimupi mtu ruhusa ya kushika bunduki. Na kiongozi mwenye kukataa mikro hajakuwa bado mtu wa artikle 64. Yeye anapashwa kufuatwa kwa barua, kwa mbunge, na ku kura.

Mfano wa Beni

Mu mwezi wa 12 wa 2018, CENI ilisogeza uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi mpaka mwezi wa 3 wa 2019. Sababu zenye ilitoa ni Ebola na usalama mubaya. Lakini rais mpya aliapishwa tarehe 24/1/2019, mbele wale wakaaji wapige kura. Watu zaidi ya milioni moja walibaki inje ya uchaguzi wa rais. Tarehe 30/12/2018, wakaaji wa Beni walipanga mistari, wakajitengenezea vituo na masanduku, wakapiga kura yao wenyewe. CENI haikuihesabia. Lakini inchi yote iliona kama raia wa Beni walikuwa tayari, na hawakuhitaji bunduki ili kuonyesha ile.