Ufafanuzi: Idara za dharura na msimu wa mafua

Kila majira ya baridi yanapokaribia, hospitali za England hujiandaa kuwapokea wagonjwa wa homa kali ya mafua, na idara za dharura ndizo zinazoelemewa mapema.

Hata hivyo, msongamano katika idara hizo hausababishwi na wingi wa wanaoingia pekee, bali pia na uchache wa wanaotoka.

Mgonjwa anayepaswa kulazwa haondoki hapo mpaka kitanda kipatikane wodini. Anapongoja, anayefuata hukosa nafasi, na magari ya wagonjwa hupanga foleni nje.

Onyo kutoka kusini

Majira ya baridi ya Australia huwa katikati ya mwaka, hivyo maafisa wa afya wa Uingereza huyafuatilia kwa makini.

Septemba 2017, Simon Stevens, aliyekuwa mkuu wa NHS England, alionya kuwa Australia na New Zealand zilikumbwa na msimu mzito, akazitaka hospitali ziongeze vitanda vilivyo wazi.

Januari 2018, hospitali zilishauriwa kuahirisha upasuaji usio wa haraka hadi mwisho wa mwezi. Ilikadiriwa kuwa wagonjwa wapatao 55,000 wangeathirika.

Kirusi kimoja cha aina ya B kilichoenea msimu huo hakikuwemo katika chanjo waliyopewa watu wazima wengi.

Maandalizi yenyewe

Hatua ya kwanza ni kuwachanja wauguzi na madaktari, kwani muuguzi akiugua, huduma hupungua na wagonjwa dhaifu huweza kuambukizwa.

Ya pili ni kuwatenga wanaokohoa tangu mlangoni, kuwapa barakoa na kutumia vipimo vya haraka, ili ijulikane mapema nani alazwe peke yake.

Ya tatu hufanyika mbali na mlango huo: kuwaruhusu waliopona warudi nyumbani mapema, wakiwemo wazee wanaohitaji kwanza kutafutiwa mtu wa kuwatunza.

Nani aende hospitali?

Aghalabu mtu mwenye afya njema hupona mafua kwa kupumzika na kunywa maji ya kutosha. Nchini England, ushauri hupatikana bila malipo kwa nambari 111.

Lakini anayeshindwa kupumua, anayepatwa ghafla na maumivu ya kifua, au anayekohoa damu nyingi, hapaswi kungoja. Nambari ya kupiga ni 999.